Papwa: Bingwa aliyepewa kombe nje, mvua ikimnyeshea

Mashabiki wa soka wa Sumbawanga hawahitaji kufundishwa nini maana ya mdogo kumpiga mkubwa. Oktoba 22, 2020, Simba ilipanda Ufipa ikiwa bingwa mtetezi wa Ligi Kuu, ikaingia Uwanja wa Nelson Mandela kucheza na Tanzania Prisons, ikatoka imelala 1-0. Bao moja la Samson Mbangula likamaliza kazi. Nchi nzima ikaona kwenye luninga. Watani wa Dar wakaanza maneno yao ya ndumba za Sumbawanga, mji ambao wenyewe wanasema jina lake kwa Kifipa ni amri ya kutupa uchawi.

Prisons walicheza, wakashinda, pointi tatu zikaandikwa kwenye msimamo. Basi. Hakuna aliyewaambia wabadilishie jezi kwenye gari. Hakuna aliyewanyima ruhusa ya mechi inayofuata kwa kosa la kumfunga Simba. Tumezoea hivyo mpaka hatufikirii kabisa kwamba kuna mahali mshindi aliadhibiwa kwa sababu ya kushinda.

Mtu huyo alikuwepo. Alikuwa mcheza gofu. Tafadhali usifunue ukurasa wa pili kwa sababu umeona neno gofu, maana kisa chake kina uhusiano na soka, kina uhusiano na Tanzania, na kina uhusiano na jina lililoandikwa kwenye uwanja wa Sumbawanga.

Aliitwa Sewsunker Sewgolum. Dunia ilimjua kwa jina la utani, Papwa.

Mandela na barabara ya Mbeya

Tuanze na mwenye uwanja. Mapema mwaka 1962, muda mfupi baada ya Tanganyika kupata uhuru, Nelson Mandela alitoka kwao kwa siri na kutua Mbeya. Mtu wa Sumbawanga anaijua Mbeya, ndiyo njia yake ya kwenda karibu kila mahali. Pale Mbeya Mandela alifikia kwenye hoteli na akakuta weusi na weupe wamekaa pamoja barazani, wanapiga stori. Baadaye aliandika kwamba hakuwahi kuona kitu kama kile kwao. Mtu mzima, mwanasheria, anashangaa baraza la hoteli.

Alirudi nyumbani, na Agosti 5, 1962 akakamatwa karibu na Howick, katika jimbo la Natal, akiwa njiani kutoka Durban.

Durban hiyo hiyo ndiyo alikozaliwa Papwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Na chini ya mwaka mmoja baada ya Mandela kukamatwa, Papwa alishinda kombe pale Durban na akaliona lile baraza la Mbeya kwa upande wa pili: akiwa nje, kwenye mvua, wenzake wakiwa ndani.

Mbeba mifuko

Papwa alikuwa Mhindi wa Natal. Wahindi wengi wa kule ni kizazi cha vibarua walioletwa kuanzia mwaka 1860 kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Familia yake haikuwa na kitu. Shule hakuipata ya maana, akakua bila kujua kusoma wala kuandika.

Ila karibu na kwao kulikuwa na viwanja vya gofu vya wazungu. Mtoto maskini anayekaa karibu na uwanja wa gofu ana kazi moja inayomngoja: kubeba mfuko wa fimbo za tajiri, kumfuata nyuma shimo kwa shimo, na kumtafutia mpira ukipotelea kichakani. Hata hapa Afrika Mashariki wachezaji wengi wa kulipwa wa gofu walianzia huko huko, begani na mfuko wa mtu mwingine.

Kwa ambaye hajawahi kufuatilia, gofu ni hivi. Uwanja una mashimo 18. Unapiga mpira mdogo kwa fimbo hadi uingie shimoni, unahesabu umepiga mara ngapi, unakwenda shimo linalofuata. Mashindano makubwa huwa ya mashimo 72, yaani kuuzunguka uwanja mara nne. Mwenye mikwaju michache ndiye bingwa. Hakuna beki wa kukukanyaga, hakuna kuotea, hakuna penalti ya kubebwa. Unacheza na uwanja, upepo na moyo wako. Mwisho wa siku kuna namba tu, na namba haina rangi.

Papwa alijifunza kwa kuiba na macho. Hakuwa na kocha wa kumwambia ashike fimbo vipi, kwa hiyo akaishika alivyoona yeye inafaa. Akaishika kinyume. Anayepiga kwa upande wa kulia huweka mkono wa kushoto juu na wa kulia chini. Papwa aliugeuza mpangilio huo: kulia juu, kushoto chini. Chukua jembe, simama kana kwamba unataka kulima tuta la mahindi, halafu badilisha mikono uliyoizoea. Utaona jembe linagoma. Sasa fikiria mtu anayefanya hivyo na mpira unakwenda mbali, umenyooka, unatua anapotaka.

Wataalamu walimwangalia wakatikisa vichwa. Kwa mujibu wa vitabu vya mafunzo, mtu yule hakutakiwa hata kuugusa mpira vizuri. Hakuna sheria ya gofu iliyomkataza, na ushikaji ule ukaishia kupewa jina lake.

Bosi wa mafuta ya ngozi

Kwa kipaji kile, angekuwa na ngozi nyingine, Papwa angekuwa mchezaji wa kulipwa akiwa kijana. Lakini Makaburu walikuwa wamegawa kila kitu kwa rangi, kuanzia mitaa na shule hadi mabenchi ya kukaa. Viwanja vizuri vilikuwa vya wazungu. Mashindano makubwa yalikuwa ya wazungu. Papwa alishinda mashindano ya wasio wazungu, akawa anashinda tena na tena, na nje ya jamii yake ilikuwa kama hajafanya kitu.

Mlango ulifunguliwa na mtu mmoja, Graham Wulff. Kina mama watamjua kwa bidhaa yake: ndiye aliyebuni mafuta ya ngozi ya Oil of Olay, yaliyoanzia hapo hapo Durban. Wulff alikuwa mzungu, mpenzi wa gofu, na alikuwa mwajiri wa Papwa. Aliona kipaji, akaona pia kwamba nyumbani hakitakwenda popote. Mwaka 1959 akampeleka Ulaya.

Huko hakuna aliyemjua. Alikuwa jina gumu kutamka na mikono iliyogeuzwa. Akaingia mashindano ya wazi ya Uholanzi, akayashinda. Kibarua wa kiwandani, asiyejua kusoma, amebeba kombe la taifa la Ulaya katika safari yake ya kwanza. Na kama kuna aliyedhani ni bahati ya mgeni, alirudi mwaka 1960 akashinda tena. Mwaka 1964 akalichukua mara ya tatu. Kwa lugha yetu ya soka, huyo si mtu aliyepata bao la bahati dakika ya 90. Huyo ni bingwa mara tatu ugenini.

Waingereza walimjua, Waholanzi walimjua. Waliobaki kumkubali ni wa kwao.

Durban, 1963

Baada ya makombe ya Ulaya ilikuwa aibu kumzuia. Kwa kibali maalumu Papwa akaruhusiwa kucheza mashindano ya wazi ya Natal. Neno wazi hapo lichukue kwa tahadhari. Uwanja ulifunguliwa, jengo la klabu halikufunguliwa. Wazungu walikuwa na vyumba vya kubadilishia nguo, meza za chakula na baa. Papwa alikuwa na gari. Humo alibadilisha nguo, humo alikula.

Mwaka 1963 mashindano yalifanyika Durban Country Club, moja ya viwanja vyenye hadhi kubwa Afrika Kusini. Wapinzani wake walikuwa wazungu zaidi ya 100. Hebu jiweke kwenye viatu vyake. Wenzako wakimaliza raundi wanaingia ndani, wanakaa kwenye viti, wanazungumza kuhusu upepo na hali ya nyasi. Wewe unarudi kwenye gari. Kesho yake unatakiwa upige mpira kwa mkono uliotulia kama wao.

Alitulia. Mikwaju ilipojumlishwa, Papwa alikuwa na michache kuliko wote.

Mvua ikanyesha. Sherehe ya kukabidhi zawadi ikawa na tatizo ambalo kwa akili ya kawaida halikuwa tatizo kabisa: wote waingie ndani. Lakini ndani kulikuwa kwa wazungu. Mtu wa rangi ya Papwa angeweza kuingia mle kama mhudumu, si kama mgeni, sembuse kama bingwa. Basi walioshindwa wakabaki ndani wakiwa wakavu, na mshindi akapokea kombe lake nje, mvua ikimnyeshea.

Kulikuwa na wapiga picha. Picha ile ikasafiri.

Picha na luninga

Hapo ndipo stori yake inapoungana na yetu. Siku hizi timu ndogo ikimpiga mkubwa, ndani ya dakika tano bao limeshafika kwenye simu za watu Laela, Namanyere na Matai. Luninga ndiyo rafiki mkubwa wa mnyonge, maana haiwezi kusema hukushinda.

Papwa aliionja luninga, lakini ugenini. Mwaka huo huo wa 1963 alikwenda kwenye British Open, iliyochezwa Royal Lytham, mashindano ambayo tangu miaka ya 1950 BBC ilikuwa ikiyaonyesha. Bingwa alikuwa Bob Charles wa New Zealand, mtu wa mkono wa kushoto, wa kwanza wa aina yake kushinda moja ya mashindano makubwa manne ya gofu duniani. Papwa wa mikono iliyogeuzwa alimaliza nafasi ya 13 kwa kufungana na wengine, katikati ya wakali wa dunia nzima. Waingereza waliweza kuufuatilia mchuano ule wakiwa sebuleni.

Majirani zake wa Durban hawakuweza. Afrika Kusini, nchi tajiri kuliko zote barani wakati huo, haikuwa na luninga. Serikali ya Makaburu iliiogopa, ikaona italeta mawazo ya nje. Matangazo ya luninga yalianza rasmi Januari 1976. Zanzibar ilishatangulia, tena kwa rangi. Kwa hiyo miaka yote ambayo Papwa alikuwa moto, hakuna nyumba hata moja ya Mwafrika Kusini iliyomwona akipiga mpira kwenye kioo.

Walichonacho ni picha ile moja. Ilitosha. Ilikwenda kwenye magazeti ya nje, na watu waliokuwa wanaambiwa kwamba michezo na siasa ni vitu viwili tofauti wakaona bingwa amelowa. Wapinzani wa ubaguzi kwenye michezo, akina Dennis Brutus na wenzake, wakapata kitu ambacho hotuba mia zisingeweza kukieleza.

Wakati huo soka nalo lilikuwa kwenye vita hiyo hiyo. Afrika Kusini ilishakosa fainali za kwanza kabisa za Kombe la Mataifa ya Afrika, mwaka 1957, kwa kukataa kuleta timu yenye wachezaji wa rangi zote. FIFA iliisimamisha mwaka 1961. Mwanzoni mwa 1963, chini ya rais Stanley Rous, FIFA hiyo hiyo ikailegezea na kuirudisha. Angalia mwaka huo: ni ule ule ambao Papwa alilowa. Mwaka 1964 Waafrika wakapiga kelele, ikasimamishwa tena, na Olimpiki ya Tokyo nayo ikafungwa kwao. Kamati ya Olimpiki ikaifukuza mwaka 1970, FIFA ikafuata 1976.

Sisi tulilipa gharama yetu. Mwaka 1976 Tanzania iliungana na nchi nyingi za Afrika kususia Olimpiki ya Montreal, baada ya New Zealand kupeleka timu ya raga kwa Makaburu. Filbert Bayi, mwenye rekodi ya dunia ya mita 1,500, hakukimbia. John Walker wa New Zealand akachukua dhahabu. Kila Mtanzania anayeumia kwa medali ile ajue ilikwenda upande gani wa mlango: upande wa watu kama Papwa.

Siku ya Gary Player

Turudi uwanjani, kwa sababu Papwa hakuwa mtu wa picha moja.

Afrika Kusini ilikuwa na mchezaji wa gofu wa kiwango cha dunia, Gary Player. Kufikia mwanzoni mwa 1965 alishashinda British Open, Masters na PGA. Mwaka huo wa 1965 akaongeza US Open na kukamilisha yote manne, jambo ambalo kabla yake walilifanya watu wawili tu, Gene Sarazen na Ben Hogan.

Mwaka huo huo Player alicheza mashindano ya wazi ya Natal, nyumbani kwake, mbele ya watu wake. Papwa naye alipata kibali. Fimbo zikachezwa, hesabu zikapigwa, na aliyekuwa na mikwaju michache alikuwa yule mbeba mifuko wa zamani. Papwa alimpiga Gary Player katika mwaka ambao Player aliipiga dunia.

Kwa mashabiki wa soka, huo ndio wakati wa kuruka ukuta na kuingia uwanjani. Kwa Papwa ilikuwa kama kusaini hati ya kujifunga.

Kipigo cha kwanza mtawala anaweza kukiita bahati. Cha pili, tena kwa bora wa bora wao, kinabomoa hoja nzima. Utawala wote ule ulisimama juu ya madai kwamba kuna watu walioumbwa juu na wengine chini. Sasa huyu wa chini, na mikono yake ya kinyume, anawashinda kwenye mchezo wao, kwenye nyasi zao, kwa hesabu walizoandika wenyewe. Uwanjani hakukuwa na jibu. Jibu likatafutwa ofisini.

Serikali ikakaza. Kibali kikawa hakitoki tena. Kufikia 1966 Papwa alikuwa amefungiwa mashindano ya wazungu, na hata kuingia kama mtazamaji ikawa marufuku. Mtu aliyekuwa bingwa wa Natal hakuruhusiwa kusimama nyuma ya kamba na kuangalia wengine wakicheza. Ukisema atakwenda Uholanzi akatafute la nne, pasi yake ya kusafiria nayo ikachukuliwa.

Hakufungwa jela kama Mandela, ambaye tangu 1964 alikuwa na kifungo cha maisha. Jela ya Papwa ilikuwa na jua, upepo na harufu ya nyasi za viwanja vya gofu vya Durban. Aliviona tu. Mchezaji wa gofu ana bahati kuliko wa soka, anaweza kushindana vizuri hadi miaka ya 40. Miaka hiyo yote ya Papwa ikaliwa.

Alikufa Julai 1978 kwa ugonjwa wa moyo, hajafikisha miaka 50, akiwa maskini. Luninga ya nchi yake ilikuwa na miaka miwili tu.

Mlango

Tunapenda sana stori za mdogo kumpiga mkubwa. Tunazipenda kwa sababu huwa zinaisha vizuri, filimbi ya mwisho ikilia. Kisa cha Papwa kinakera kwa sababu kilianza pale filimbi ilipolia. Kumbe kushinda ni nusu ya kazi. Nusu ya pili iko kwa watu wenye mihuri, funguo na orodha ya nani aingie, na nusu hiyo haipigwi kwa fimbo wala kwa mguu.

Ndiyo maana si sahihi kusema Papwa alikuwa mnyonge. Mnyonge ni dhaifu. Huyu alikuwa na nguvu kuliko wote aliokutana nao pale Natal, mara mbili. Alinyongwa, hakuwa mnyonge. Na kuna vijana wengi tu, hata leo, hata kwenye soka letu, ambao tunawaita wanyonge wakati ukweli ni kwamba hakuna aliyewafungulia geti wajaribiwe. Skauti hajafika kijijini kwao. Nauli ya kwenda kwenye majaribio Dar haipo. Viatu ni vya kuazima. Kijana wa Mtowisa, kule chini bonde la Rukwa, anaweza kuwa na mguu wa dhahabu na asijulikane hata Sumbawanga mjini. Hakuna Kaburu hapo, lakini matokeo kwa kijana ni yale yale: nje, anaangalia.

Kwa Papwa alitokea Wulff mmoja. Tujiulize vipaji vingapi vilivyozeeka kwa kukosa Wulff, na kama ni haki kipaji cha mtoto kitegemee tajiri mwenye roho nzuri kupita njia ile.

Leo Durban kuna uwanja wa gofu wa umma unaoitwa Papwa Sewgolum. Anayelipa kiingilio chake anacheza, awe mweusi, Mhindi au mzungu, na mvua ikinyesha hakuna anayeulizwa rangi yake kabla ya kujikinga.